Wamemwita korongo wangu takataka, na kweli bawa lake limeanguka

Salaam kwenu wana safu,

Ninatengeneza sanamu kwa vitu vilivyotupwa: spoku, minyororo ya baiskeli, makopo, mabomba, vizibo vya chupa. Sikusomea sanaa, wala sina cheti cha ufundi. Mwezi uliopita nilimpeleka korongo wangu kwenye maonyesho ya wasanii wa ridhaa, nje, uwanjani. Kimo chake ni sentimita 160, uzito kilo 12. Mwili ni kopo la rangi la lita 5 lililopitishiwa bomba la chuma katikati, na bomba hilo ndilo mguu. Kisimamio ni rimu ya baiskeli ya mtoto, upana sentimita 30. Kila bawa lina urefu wa sentimita 70 na uzito wa kilo 2: fremu ya spoku, manyoya ya makopo ya soda yaliyokatwa. Mabawa niliyagandisha ubavuni mwa kopo kwa gundi ya epoksi.

Siku ya kwanza mtu mmoja anayeheshimika kwa uhakiki alisimama mbele ya korongo akasema, watu wakisikia: "Takataka ukiisimamisha inakuwa takataka iliyosimama." Wakacheka. Katika daftari la maoni wengine wakaandika kwamba hata mtoto angeweza, kwamba rangi zinagombana, kwamba ninaidhalilisha sanaa. Mmoja aliandika maneno manne tu: "Bawa la kulia linalegea."

Siku ya pili, saa nane mchana, jua kali, bawa la kulia likaanguka. Halikumwumiza mtu. Donge la gundi lilitoka zima, na nyuma yake limebeba rangi ya kijani ya kopo.

Marafiki wanasema sanaa ni uhuru, nisimsikilize yeyote. Ndugu zangu wanasema niache kujiaibisha. Mimi nafikiria kuwaomba waandaaji wayafute maoni makali na wamzuie yule mhakiki asirudi. Nifanye lipi?

Mwenye Korongo

*

Ndugu Mwenye Korongo, pole ya bawa.

Katika yote uliyoandikiwa, lenye faida kwako lilikuwa lile fupi kuliko yote. Aliyeandika kwamba bawa linalegea hakusema kama kazi yako ni sanaa au si sanaa. Alimtazama korongo, akaona kiungo kinacheza, akakuambia. Wewe ukamtia kapu moja na waliokucheka, na marafiki zako wanakushauri ulitupe kapu zima. Hapo hatuko pamoja nao, wala hatuko na ndugu zako.

Tuanze na neno "takataka", maana ndilo lililokuchoma. Kwa kazi ya aina yako hilo ni jina la malighafi, kama vile mchongaji anavyosema gogo. Mwaka 1942 mchoraji Pablo Picasso alichukua tandiko na usukani wa baiskeli, vitu viwili tu, akaviunganisha vikawa kichwa cha fahali. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hufunga maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia yanayofunika ukuta mzima; mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, kwa kazi ya maisha yake. Malighafi haijawahi kuwa hoja dhidi ya kazi. Mhakiki anayeishia kwenye malighafi hajaanza kuhakiki.

Swali la "hii ni sanaa kweli?" nalo limewahi kufika mahakamani, na mshtakiwa, kwa bahati, alikuwa ndege. Mwaka 1926 forodha ya New York ilikataa kumpokea ndege wa shaba wa mchongaji Constantin Brancusi kama sanaa, kwa kuwa hakuwa na bawa wala manyoya yanayoonekana. Wakamweka fungu moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40. Mwaka 1928 mahakama iliamua kwamba ni sanaa. Ilichukua miaka miwili na mashahidi kadhaa kujibu swali hilo. Wewe huna wajibu wa kulijibu umesimama uwanjani.

Ila tusikudanganye kwa faraja rahisi. Wapo watakaokuambia kwamba hata wakubwa walidharauliwa, hivyo kudharauliwa kwako ni dalili njema. Si dalili ya kitu. Waliodharauliwa wakasahaulika ni wengi kuliko waliodharauliwa wakatukuka. Haki yako ya kutengeneza korongo haingoji uje uonekane bingwa baada ya miaka hamsini. Ipo leo, korongo akiwa mzuri au mbaya. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 19, linalinda uhuru wa kila mtu wa maoni na kuyaeleza. Halikuweka sharti la kipaji. Na "kila mtu" ni pamoja na yule mhakiki. Kwa hiyo ombi la kufuta daftari na kumzuia asirudi liache. Ukitumia uhuru kama ngao asubuhi kisha jioni ukamfunga mwenzako mdomo, utakuwa umempa hoja ambayo hakuwa nayo.

Mpaka uko mahali pengine: aliyeahidi kuipiga teke kazi au aliyekutisha mwilini hajatoa maoni, na huyo apelekwe kwa waandaaji. Kuiita sanamu yako mbaya ni ruhusa. Kuigusa bila idhini si ruhusa.

Sasa bawa. Hapa uhuru wa kujieleza haukusaidii hata kidogo, kwa sababu aliyepita chini yake hakukubali kuhatarishwa.

Huko Watts, Los Angeles, mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia, alijenga minara peke yake kuanzia 1921 hadi 1954: vyuma vilivyofungwa kwa waya, vikafunikwa udongo wa saruji, juu yake akapachika vipande vya chupa, sahani zilizovunjika na kombe za baharini. Hakuchomelea wala hakutumia bolti. Mnara mrefu zaidi una takriban mita 30. Baadaye jiji likaamuru ibomolewe kwa kuwa ni hatari. Watetezi wa minara walipiga kelele za sanaa, na kelele hizo zilisaidia, lakini kilicholimaliza shauri ni jaribio la Oktoba 1959: mnara ulivutwa ubavuni kwa mzigo wa karibu kilo 4,500, ukasimama, na kilichoshindwa kwanza ni kifaa cha kuvutia. Tangu hapo hoja ya hatari ikafa. Kama minara ile ingeyumba, uzuri wake usingeiokoa.

Korongo wako alijaribiwa kwa jua la saa nane na akashindwa. Tuone kwa nini.

Umetuambia gundi ilitoka na rangi nyuma yake. Hiyo ndiyo habari yote. Epoksi haikuachia, ilishika rangi barabara, na rangi ndiyo iliyobanduka kwenye bati. Wewe hukugandisha bawa kwenye chuma, uligandisha kwenye ngozi ya rangi ya kiwandani. Laiti donge lingetoka safi na laini, tungesema uso haukukwaruzwa au ulikuwa na mafuta. Lingegawanyika nusu huku nusu kule, tungesema mchanganyiko haukuwa sawa au haukukauka. Kila mara kiungo kikiachia, tazama pande zote mbili kabla hujalaumu gundi.

Hata hivyo kung'oa rangi peke yake kusingetosha. Bawa la sentimita 70 lina uzito wake katikati, yaani sentimita 35 kutoka kiungoni. Tuseme donge lako lilikuwa na urefu wa sentimita 4 kutoka juu hadi chini. Basi kilo 2 hizo, kwa sababu ya umbali, zinavuta ukingo wa juu wa gundi kwa nguvu ya takriban kilo 17, na upepo haujaja. Epoksi hustahimili kusukumwa na kuteleza. Adui yake ni kung'olewa kuanzia ukingoni, kama unavyobandua plasta. Halafu jua: epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hadi 60, na bati lililokaa juani hufika hapo bila taabu. Ndiyo maana liliponyoka siku ya pili mchana, si usiku.

Dawa yake ni kuacha kuyafanya mabawa vitu viwili. Yafanye mzega: mti mmoja begani, mzigo huku na huku. Chukua chuma bapa cha upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, urefu sentimita 80. Pasua nyufa mbili kwenye kopo, moja kila ubavu, ukipitishe hadi upande wa pili, na ukifunge kwenye bomba la katikati kwa bolti mbili za milimita 6. Kila bawa lifungwe kwenye mkono wake wa chuma hicho kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 10. Bolti moja itageuka kuwa bawaba, mbili haziwezi. Tundu litoboe milimita 6.5, weka washa pana pande zote mbili, na tumia nati zenye pete ya plastiki ndani, ambazo haziachii kwa mtikisiko. Bati la kopo lenyewe lisibebe kitu. Ni jembamba mno, bolti ingelirarua kama karatasi. Sasa bawa la kulia linapovuta chini, la kushoto linalijibu, na bomba hubaki na kazi ya kubeba tu.

Ukilazimika kutumia gundi kwa vitu vidogo, vizibo au macho, kwaruza hadi chuma king'ae kwa msasa namba 80, pangusa kwa asetoni, usiguse tena kwa kidole, kisha uache saa 24. Plastiki laini za ndoo na chupa hazishiki gundi yoyote ya kawaida, zifunge kwa waya au bolti. Na kwa kuwa plastiki hutanuka kwa joto kupita chuma kwa mbali, tundu lake liwe pana, milimita 8 kwa bolti ya 6, vinginevyo litapasuka lenyewe. Tazama tena vifuniko vya El Anatsui: vimefungwa waya, havikugandishwa, ndiyo maana pazia linakunjwa, linasafirishwa na kutundikwa upya.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeliandika daftarini, nalo linatutisha kuliko bawa. Kisimamio cha sentimita 30 kwa ndege wa sentimita 160 ni kidogo mno. Mlaze korongo juu ya kipande kingine cha bomba, msogeze hadi apate mizani. Hapo penye mizani ndipo kitovu cha uzito. Kwa maelezo yako tunakisia ni kama sentimita 95 kutoka chini. Nusu ya kisimamio ni 15. Maana yake akiinamishwa nyuzi 9 tu, haruki bali anaanguka. Mtoto akining'inia kwenye bawa amekwisha.

Mwage zege. Bamba la sentimita 40 kwa 40, unene 8, huwa na uzito wa karibu kilo 30. Kwa hilo kilo 5 za saruji zinatosha: kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vitatu vya kokoto, na maji kiasi cha nusu ya uzito wa saruji. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza maji ili zege liteleze vizuri, kisha linakauka dhaifu na kumeguka pembe. Mwisho wa bomba utoboe, upitishe vipande viwili vya nondo kama msalaba kabla ya kumwaga, la sivyo korongo atazunguka ndani ya zege kila apitapo upepo. Fungua kalibu baada ya siku mbili, limwagilie siku saba. Kitovu kitashuka hadi karibu sentimita 32, na itabidi umwinamishe zaidi ya nyuzi 30 ndipo aanguke. Rimu unaweza kuiweka juu yake kama pambo, ukitaka. Na siku ya kumsafirisha uwe na mwenzako, maana sasa ana kilo 42.

Manyoya ya makopo ni wembe. Kunja ukingo milimita 5 ndani, au piga tupa, kisha pitisha soksi kuukuu juu ya sanamu nzima. Panapokamata uzi ndipo patakapokamata mkono wa mtu. Aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu huliwa, utaona unga mweupe kiungoni, basi tenganisha kwa washa ya plastiki. Na kwa kuwa wenye kazi hii huokota chochote: usichomelee pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta hata kama ni tupu, mvuke uliobaki hulipuka, usichomelee bati lenye zinki kabla ya kulisaga zinki sentimita 5 kila upande, nawe uwe nje, moshi wake huleta homa, betri za gari ziache zilipo.

Rangi zinagombana, aliandika mwingine. Hilo ni fungu la tatu, si tusi wala si usalama, na hapa unaweza kusikiliza kisha ukakataa. Lakini lisikilize kwanza. Ugonjwa wa kawaida wa sanamu za skrepa ni kwamba kila kopo limebaki na rangi na maandishi yake, jicho linasoma makopo badala ya kumwona ndege. Jaribu hivi: tundika shuka jeupe nyuma ya korongo, rudi hatua kumi, finya macho hadi uone kivuli tu. Kivuli kikiwa ndege, umbo lipo na rangi ni hiari yako. Kikiwa lundo, hakuna rangi itakayokiokoa, punguza vitu. Picasso alitumia viwili. Mara nyingi aina tatu za malighafi zinatosha, moja ikitawala. Njia ya mkato ni kugeuza makopo, upande wa ndani utazame nje. Fedha tupu, hakuna maandishi. Kama ulizitaka rangi zigombane kwa makusudi, ziache zigombane, ila ujue ulitaka.

"Hata mtoto angeweza" lisikupe shida. Jibu ni "huenda", na ukimpata mtoto huyo mpe koleo.

Kwa mhakiki mwenyewe tunashauri swali moja, kwa adabu na mbele ya watu walewale: "Mwalimu, ni sehemu gani hasa?" Akionyesha shingo, kiungo, uwiano wa mguu na mwili, toa kalamu uandike, hata kama amesema kwa ukali. Ukali si kosa la hoja. Akishindwa kuonyesha sehemu, kila aliyesikia kicheko cha kwanza atasikia na kimya hicho. Usiongeze neno. Usimwandikie barua ndefu ya kujitetea. Hoja zako nzuri zaidi zitaonekana kama kidonda.

Kadi ya kazi nayo iwe fupi: jina, vitu vilivyotumika, kimo, mwaka. Wasanii wa ridhaa hupenda kuongeza "samahani, sikusomea" au "ni majaribio tu". Hiyo ni kumwandikia mhakiki sentensi yake ya kwanza.

Jambo la mahali pia ulifikirie. Rodia alijenga kwenye kiwanja chake. Nek Chand, mkaguzi wa barabara huko Chandigarh, India, alianza 1957 kupanga sanamu za bangili na vyombo vilivyovunjika, kwa siri, kwenye ardhi ya serikali. Ilipogundulika katikati ya miaka ya 1970 nusura ibomolewe, na si kwa sababu ya ubaya wake. Umma uliipenda, mwaka 1976 ikafunguliwa rasmi, akapewa mshahara na wasaidizi. Si kila mtu hupata mwisho huo. Ukitaka kumweka korongo kando ya njia ya watu, omba ruhusa kwanza, na uende na vipimo vya zege mkononi.

Yule aliyeandika juu ya bawa, kama jina lake lipo daftarini, mtafute umwombe amkague korongo kabla ya maonyesho yajayo. Na leo, kabla hujafanya lolote kati ya haya, mfunge korongo kamba au mlaze chini, kwa sababu bawa la kushoto bado limeshikwa na gundi ileile, juu ya rangi ileile.